Toba ya Bi Mizani

Watu wa mtaa ule walikuwa na tabia moja mbaya: wakianza kumsifu mtu, humsifu mpaka akakosa pa kutokea. Fundi wa cherehani ndivyo walivyomfanya. Kila aliyepita dirishani kwake alimrushia neno. "Fundi, pepo yako iko hapo chumba cha pili, huna haja ya kuitafuta mbali!" "Fundi, ingekuwa mwanangu mimi, ningeshatupwa zamani!" Naye hujibu, "Amin, amin," mguu juu ya pedali, macho kwenye mshono, na moyoni anasema: basi na aingie mmoja wenu akae na hiyo pepo hata asubuhi moja, mimi nikanyooshe mgongo. Hakuna aliyeingia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kinamama wa mtaa ule walikuwa hodari wa kuupima kwa macho.

Alikuwa mtu mzima sasa, mwenye miwani na mvi mbili tatu alizozificha chini ya mtandio. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Watoto aliowapima viuno zamani, wakimcheka kwa sababu utepe unawatekenya, sasa walimletea watoto wao. Mama yake alilala chumba cha ndani, amepooza upande wa kulia. Inabidi ageuzwe kila mara, asije akachubuka mgongo. Kwa hiyo Fundi akienda sokoni anakwenda mbio na kurudi mbio, akienda msibani anakaa karibu na mlango, na harusini alishaacha kualikwa. Kaka yake, mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo, aliishi mji mwingine na alikuwa hodari wa simu. "Dada yangu, sina la kukwambia. Mungu ndiye atakayekulipa." Kweli hakuwa na la kumwambia, maana hapo hukata simu.

Mama mwenyewe mtaa mzima ulimwita Bi Mizani. Kabla ya kiharusi yeye ndiye aliyefundisha kinamama kutunga na kusoma tenzi za dini: za kumsifu Mtume, za mawaidha, na zaidi ya zote za toba, ambamo mtu hukaa mbele ya Mola wake akazitaja dhambi zake moja moja. Kanuni zake zilikuwa za chuma. Ubeti una vipande vinne. Kila kipande kina mizani nane, si saba, si tisa. Vipande vitatu vya mwanzo vinaishia kwa kina kimoja, na cha nne kina kina chake ambacho hakibadiliki tangu ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho. Msomaji akiteleza, Bi Mizani hasemi kitu, anagonga ubao kwa kifundo cha kidole, ko! Mtu mzima na wajukuu wake anaruka kama kaungua. "Umemeza mizani, shoga," humwambia. "Iteme tuione."

Basi kiharusi kikaja, kikachukua mkono, kikachukua mguu, na ulimi wa Bi Mizani kikaufunga. Akitaka kusema "maji" anasema "ma, ma, ma," jasho linamtoka, mwisho analia. Akili ilikuwa nzima, na hilo ndilo lililouma. Fundi alikuwa akikisia: maji? mto? dirisha? Na mama anatikisa kichwa kwa hasira, kana kwamba bintiye ndiye mjinga.

Mpaka siku moja Fundi alipokuwa anamwosha, akawa anaimba kwa mdomo uliofungwa ile sauti ya tenzi aliyokua nayo tangu utotoni. Mara akasikia mtu anaimba pamoja naye. Maneno kamili, herufi hazikwaruzani! Akageuka kutazama kama kuna mtu kaingia. Hakuna. Ni mama yake, macho ameyafumba, anasoma beti zake mwenyewe za zamani kama maji yanavyotoka bombani. Fundi akaliachia sifongo likaanguka ndani ya beseni.

Daktari alipoulizwa alisema huwa inatokea. Maneno ya kusema na maneno ya kuimba hayakai kabati moja kichwani, kabati moja likivunjika jingine laweza kubaki. Fundi hakungoja maelezo zaidi. Alirudi nyumbani, akamgongea mama yake ubao wa kitanda na kumwimbia kwa sauti ya utenzi: "Nipe maji, nina kiu." Mizani nane barabara. Bi Mizani akatazama mdomo wa bintiye, akavuta pumzi, akaimba: "Nipe maji, nina kiu!" Wote wawili wakacheka mpaka wakalia. Akapewa maji.

Tangu siku hiyo nyumba ile ilizungumza kwa mizani nane. Fundi akiwa kwenye cherehani hukata maneno kama anavyokata vitambaa, akapata kipande kinachoenea, akakipeleka chumbani. "Nigeuze, nimechoka." "Fungua hilo dirisha." Bi Mizani hakuweza kutunga mwenyewe, lakini akipewa kipande anakishika, na kesho yake anakitumia. Siku moja alionja chai, akakunja uso, akaimba kwa raha zake zote, "Chai yako siipendi!" Fundi alikuwa amemtungia kipande hicho kwa utani. Alijuta.

Kuna jambo jingine Fundi aliligundua taratibu. Mama yake hakukubali kusema kila alichopewa. Akipewa kipande kisicho cha kweli, mdomo unafungwa kabisa. Umpe "Leo nimelala vyema," na usiku hakulala, hasemi, hata ukiimba mara kumi. Labda ndivyo ugonjwa ulivyo, au ndivyo mama alivyo, Fundi hakujua. Alichojua ni kwamba mdomo ule sasa ulikuwa hausemi uongo.

Basi siku moja Bi Mizani akamshika bintiye kiganja kwa mkono wake mzima, akahangaika weee, mpaka akatoa neno moja peke yake: "To. Ba."

"Unataka kusoma toba, mama?"

Kichwa kikakubali.

"Ile yako ya zamani?"

Kichwa kikakataa. Akamgonga Fundi kifuani kwa kidole: utunge wewe. Akajigonga mwenyewe: yangu mimi.

Fundi alifurahi, na kwa nini asifurahi? Mama mgonjwa anataka kutubu, na mwana ndiye ulimi wake. Akakaa kwenye cherehani akishona marinda ya sketi huku akitunga, akachagua kina cha mwisho kiwe "ni", akaanza kama kanuni inavyotaka, kwa kuomba msaada:

Ya Rabi nipe kauli,
kinywa changu ni dhalili,
niitamke kamili
toba yangu, ya Manani.

Bi Mizani aliuimba ubeti huo na machozi yakamteremka upande mmoja wa uso, upande ule unaojua kulia. Wa pili nao akaupokea:

Nimesengenya wenzangu,
nikapenda sifa zangu,
nikamwacha Mola wangu,
nikazama madhambini.

Kusengenya? Aliuimba kwa haraka kidogo. Ni kweli tupu, kila mtu alijua. Wa tatu ndio uliokwama. Washairi wa toba wana desturi ya kujitwisha dhambi zote za dunia, hata wasizozijua harufu yake, ili kila msikilizaji apate yake humo. Fundi naye akafuata desturi, akaanza: "Nimeiba, nimelewa." Lahaula! Bi Mizani alimtazama kwa jicho ambalo kiharusi hakikuligusa. Mdomo fyu, umefungwa.

"Basi mama, samahani, hukulewa. Ni mambo ya watunzi tu."

Ko! ubao wa kitanda. Akamwashiria: endelea, tafuta. Hapo Fundi akaelewa kuwa kuna dhambi moja inayotafutwa. Kiburi? Kichwa kilikataa. Uvivu wa sala? Kilikataa. Siku kadhaa zilipita hivyo, Fundi akiingia na dhambi mpya kila apatapo nafasi, kama mchuuzi anayetembeza bidhaa zisizonunuliwa, na mama anazirudisha zote. Alianza hata kuona raha ya mchezo. Laiti angejua.

Alasiri moja, akiwa na pini mdomoni, akajaribu: "Nilisema la uongo."

Bi Mizani alifumbua macho. Akaimba polepole, kila mizani mahali pake: "Nilisema la uongo." Akarudia. Kisha akangoja kipande cha pili.

Sasa Fundi alikuwa hajui ni uongo gani. Alifanya wanavyofanya watunzi wote wakikwama: alikifuata kina. Uongo. Shingo? Mgongo? Lengo? Alijaribu hiki na kile, mdomo haufunguki. Akasema bila kufikiri, "nikafunga na mlango," akihesabu kwa vidole, maana ile "m" ya mlango ni mizani kamili na mama alishampiga sana kwa kuimeza. Bi Mizani akakiimba.

"Mlango gani, mama?"

Mama anatazama. Fundi akaitoa pini mdomoni, akaichomeka kifuani pa gauni lake. Akatafuta kipande cha tatu, na kilikuja chenyewe, hakukiita: "nikavunja na mpango." Akakisema kwa sauti ndogo. Mama akakiimba kwa sauti kubwa. Na kabla Fundi hajatafuta kipande cha nne, Bi Mizani, ambaye tangu augue hakuwahi kutunga hata neno moja la kwake, alivuta pumzi ndefu na kukitunga mwenyewe:

mwana akabaki ndani.

Mizani nane, na kina cha "ni" mahali pake.

Fundi alikaa chini. Mwanamume aliyewahi kuja kwenye nyumba ile kwa ajili yake alikuwa mmoja tu. Seremala, kijana mpole mwenye vumbi la mbao kwenye kope, aliyekuwa akipitia dirishani kila siku kuuliza saa na huku ana saa mkononi. Walikubaliana aje kwa mama kujieleza. Fundi akajishonea gauni jipya, akangoja. Ikapita siku, zikapita wiki, dirishani hakupita mtu. Mwisho mama yake alimwambia, "Mwanangu, yule ameleta ujumbe, kabadili nia. Wanaume ndivyo walivyo." Fundi akaliweka lile gauni kabatini, hata miaka ikaenda, akalikatakata akalifanya mifuko ya kaptula. Kaka alikuwa ameshahama. Baba alikuwa ameshafariki. Baadaye watu walizoea, na yeye akazoea, kwamba Fundi ni wa nyumbani.

Sasa alitaka kujua, na njia ya kumhoji mama yake ilikuwa moja. Alimhoji kwa mizani.

"Seremala alikuja," akaimba Fundi.

"Seremala alikuja," akaimba mama.

"Nikamwambia hayupo."

Kimya.

"Nikamwambia mgonjwa."

Kimya. Hapo Fundi alitamani kusimama atoke, aende akashone, ayaache mambo ya kale yalale. Lakini ulimi ulikuwa umeshakipata kipande. "Nikasema hakutaki."

Bi Mizani akafumba macho. "Nikasema hakutaki," akaimba, na sauti ilikuwa safi kama ya ujana wake.

Loo! Fundi hakupiga kelele. Alitoka chumbani, akakaa kwenye cherehani, akashona kola ya shati upande wa nyuma mbele, akaifumua, akaishona tena vilevile. Aliumwa. Aliona haya pia, haya ya ajabu, kama kwamba yeye ndiye aliyefumaniwa. Miaka yote ile alijiona mwanamke aliyekataliwa. Alijitazama kwenye kioo akatafuta kasoro, pua au urefu au rangi, na kila mara aliipata. Kumbe aliyemkataa alikuwa ndani, anakunywa chai aliyomtilia yeye.

Kesho yake alimwomba mama yake mdogo, mdogo wake Bi Mizani, akae na mgonjwa kidogo, akaenda kwenye karakana ya seremala. Hawakuwa wageni, walisalimiana njiani mara nyingi, kwa heshima ya watu wasio na la kuambiana. Alimkuta amenenepa, penseli sikioni, anawafokea vijana wake kuhusu bawaba.

"Karibu, Dada Fundi. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hajambo. Nimekuja kukuuliza jambo la zamani. Ulipokwenda kwa mama."

Seremala aliitoa penseli sikioni, akaitazama ncha yake. "Aa, dada. Hayo mambo! Mama alinieleza tu kiungwana kwamba hunitaki. Nikasema basi, si vizuri kulazimishana. Nikaenda zangu."

"Sikusema hivyo. Sikuulizwa."

Nje ya karakana mkewe alikuwa akimwita mjukuu aje aoge. "Kumbe," akasema seremala. Kisha, kwa upole uliomchoma Fundi kuliko matusi: "Sasa tufanyeje, dada?"

"Hakuna la kufanya. Nilitaka ujue."

"Nashukuru," akasema seremala, na hakujua anashukuru nini. Fundi aliondoka. Njiani alijiuliza kama angeona afadhali mtu yule angelia. Ndiyo, angeona afadhali. Jeraha lilikuwa la watu wawili, na mmoja ameshapona bila hata kovu.

Tangu siku hiyo aliacha kutunga. Alimlisha mama yake, alimwosha, alimgeuza, nguo zake alizifua zikanukia, lakini vipande hakumpa. Na kwa Bi Mizani kukosa vipande ni kukosa ulimi. Alibaki na vile vya zamani, vya maji na dirisha, akiviimba moja baada ya kingine akimtazama bintiye, akitafuta njia ya kupenya. Fundi alijibu kwa mikono tu. Alijua anachofanya. Alimfungia mama yake mlango, naye alikuwa na ufunguo, na, Mungu amsamehe, mara nyingine ufunguo ule ulikuwa mtamu mkononi.

Lakini hakulala. Kila mtoto aliyepita darasa la Bi Mizani aliyajua masharti ya toba kama anavyojua jina lake. Kwanza ujute. Pili ukome. Tatu uazimie usirudie. Na kama uliyemdhulumu ni mtu, basi kuna la nne: mwenyewe akusamehe, maana Mola hasamehi haki ya mja kwa niaba yake. Bi Mizani mwenyewe alikuwa akiligongea ubao hilo. Toba iliyoruka haki ya mtu, alisema, ni ubeti uliokosa kipande cha nne. Sasa kipande hicho kilikuwa kooni mwa Fundi. Mama aliyekuwa akipungua kila siku hawezi kwenda popote bila hicho. Na Fundi kila akikitafuta kifuani hakukipata. Akiseme tu? Hapana, hawezi. Asikiseme? Mama atazikwa nacho. Alishinda kwenye chumba kile cha cherehani akizunguka kama mbuzi wa kamba, na watu dirishani wakimwambia pepo, pepo.

Mama yake mdogo ndiye aliyelazimisha mambo. "Dada yangu anazimika," akasema. "Kinamama wanataka kuja wamsikie akisoma toba. Nimeshawaambia Alhamisi alasiri."

"Haijaisha."

"Basi imalize. Wewe kutunga tangu lini kumekushinda?"

Alhamisi wakaja. Chumba kilijaa, wengine wakakaa mlangoni juu ya viatu vyao, mama mdogo kichwani pa kitanda. Bi Mizani alivishwa kanga safi, akainuliwa kwa mito. Aligonga ubao. Ko! Wote wakanyamaza, hata wale ambao hawakuwahi kunyamaza maishani mwao. Akasoma ubeti wa kwanza, kinamama wakapokea kwa "Amin." Akasoma wa pili, wa kusengenya, na wengi wakatazama sakafu. Kisha bila kupewa ishara na mtu yeyote akaingia wa tatu:

Nilisema la uongo,
nikafunga na mlango,
nikavunja na mpango,
mwana akabaki ndani.

"Amin" ilianza na ikafia njiani. Vichwa viligeuka kimoja kimoja kumtazama Fundi, aliyesimama dirishani na utepe wake wa kupimia shingoni. Hakuna aliyehitaji kuelezwa, mwana wa nyumba ile aliyebaki ndani alikuwa mmoja. Bi Mizani hakumtazama mtu mwingine. Kidole chake kiligonga ubao, mapigo manane, polepole. Kikangoja. Kikagonga tena manane. Alikuwa akiomba kipande.

Kipande kilikuwepo. Kilikuwa kimeshonwa zamani, kinaenea, hakizidi wala hakipungui. Fundi akafungua mdomo, akaimba mbele ya watu wote: "Mama nimekusamehe."

"Alhamdulillahi!" wakasema kinamama, na mama mdogo akaanza kulia kwa sauti. Mmoja akanyoosha mkono kumpongeza Fundi. Pepo, kweli pepo!

Lakini Bi Mizani hakukipokea. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Kilio kikapungua, wakamtazama. Akagonga tena, manane. "Labda hakusikia," akanong'ona mtu. Fundi akakirudia, kwa nguvu zaidi. "Mama nimekusamehe." Mdomo umefungwa. Kidole kikagonga. Mama yake alikuwa akimtazama bila hasira yoyote, kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi aliyemeza mizani na anaweza, akitulia, kuitema.

Hakuna mlango wa kutokea, umejaa watu na viatu. Basi akaacha kutafuta. Akaimba, na sauti ilikatika katikati lakini mizani haikukatika:

"Sijakusamehe mama."

Nane vilevile. Astaghfirullah ngapi zilisikika chumbani! Mama mdogo akainuka nusu, akakaa. Na Bi Mizani akapokea. Aliimba kipande kile chote, wazi, kila mizani: "Sijakusamehe mama." Akainamisha kichwa, ndiyo, hicho ndicho. Kisha kwa mara ya pili tangu augue akatunga cha kwake, na kina kikalingana:

"Nenda, mimi nimekoma."

Akafumba macho. Alikuwa amemaliza.

Sharti la pili hilo, la kukoma, kila mmoja alilijua. Mama amemwachia mwana. Basi kinamama wakaanza kulia tena, kilio kizuri sasa, na wakasema hawajapata kusikia toba kama ile. Fundi alifuta uso akauliza, kwa maneno ya kawaida, "Nani atakaa naye?"

Ah! Hapo ndipo ungewaona. Mama mdogo miguu yake, unajua mwanangu ilivyo. Jirani wa kushoto ana mjamzito nyumbani. Yule aliyenyoosha mkono wa pongezi alikumbuka ameacha chungu jikoni. Wakatafuta viatu, wakavikosea, wakabadilishana mlangoni, wakambusu mgonjwa kipaji cha uso, wakaondoka wakisema, "Fundi, Mungu atakulipa." Kaka alipigiwa simu. Alisikiliza yote, akasema ameguswa sana, na kwamba mwezi ule kazi zimembana.

Fundi alivaa baibui yake, akachukua mkoba, akatoka. Mama mdogo, aliyekuwa akihangaika na kamba za viatu vyake, alibaki ameduwaa ukumbini. Fundi alitembea bila kukimbia mara ya kwanza kwa miaka mingi, mpaka kituo cha mabasi. Jua lilikuwa bado lipo. Mpiga debe akamjia mbio: "Dada, unakwenda wapi? Nafasi ipo, wapi?"

Yeye, aliyeweza kutia jambo lolote ndani ya mizani nane, hakuwa na neno. Wapi? Alifikiri kwa dhati. Akafikiria nyumba ya kaka, akaona mke wa kaka. Akafikiria mji asioujua, chumba cha kupanga, cherehani nyingine, dirisha jingine. Wenye umri wake walikuwa na watu wa kuwaendea. Yeye watu wake wote walikuwa mmoja, na hajageuzwa tangu mchana. "Wapi, dada?" akarudia kijana, kisha akamwona msafiri mwingine, akamwacha.

Alirudi kabla ya magharibi. Mama mdogo alimpisha mlangoni bila kusema kitu, akachechemea kwake. Chumbani Bi Mizani alikuwa macho. Alipomwona bintiye amesimama pale na mkoba wake, uso ulimbadilika, akaanza kulia, na hakikuwa kilio cha furaha. Fundi alielewa mara moja, maana mama ndiye aliyemlea kwa kanuni hizo. Mama alikuwa amekoma alasiri, na sasa dhambi imerudi kwa miguu yake mwenyewe na kuingia ndani. Bi Mizani alimpungia kwa mkono mzima, toka, toka, huku akitafuta kipande cha kumfukuzia na hakipati. "Ne, ne, ne," akasema.

Fundi akaweka mkoba juu ya kiti. "Nyamaza, mama," akasema. "Nimefika mpaka kituoni. Nimerudi kwa sababu sina pa kwenda. Na hilo ndilo ambalo sijakusamehe."

Mama yake aliacha kupunga. Wakatazamana, na hakuna kati yao aliyekuwa na kipande. Kisha Fundi akavua baibui, akaingiza mkono chini ya bega la mama yake, akamgeuza upande wa ukutani.